J. H. Taylor: Yatima wa Northam aliyeupitisha mpira chini ya upepo

Anayepita Mama Ngina Drive wakati wa kusi anajua mambo yake. Upepo unatoka baharini, unapanda jabali na kuitikisa mibuyu, na mwenye kofia huishika kwa mkono. Kando ya barabara hiyo upo uwanja wa Mombasa Golf Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1911, na wapita njia husimama kidogo kutazama. Mchezaji anapoupiga mpira kuelekea upepo unakotoka, mpira huondoka vizuri, kisha huinuka, ukainuka tena, ukasimama hewani kama tiara, halafu ukashuka karibu na pale ulipoanzia. Mwenyewe hukasirika. Mkwaju unaofuata huupiga kwa nguvu zaidi, na mpira huinuka zaidi.

Leo, ndugu msomaji, nataka tumzungumze mtu aliyelifahamu jambo hilo kuliko karibu wote wa zama zake. Hakuwa mtu wa Pwani yetu wala hakuwahi kuandikwa katika tarehe zetu. Alikuwa Mwingereza, jina lake John Henry Taylor, na ulimwengu wa gofu ulimjua kwa herufi mbili tu za mwanzo, J. H. Ninamleta hapa kwa sababu moja. Wengi wetu tunauona mchezo huu kuwa wa mabwana, na kijana wetu akiingia uwanjani mara nyingi huingia kwa mlango wa kubeba mkoba wa mtu mwingine. Taylor naye aliingia kwa mlango huo huo.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1871 katika kijiji cha Northam, mkoa wa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Watu wake walikuwa wafanyakazi wa mikono, na yeye akawa yatima tangu utotoni. Nyumba haikuwa na akiba. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 11 hivi akaenda kutafuta riziki, kama walivyofanya watoto wengi wa hali yake.

Mungu humpa mja kwa njia asiyoitarajia. Karibu na kijiji kile palikuwa na uwanda mpana wa pwani, ardhi ya wanakijiji wote, ambako kondoo na farasi walilishwa. Mwaka 1864 wapenzi wa gofu walianzisha klabu yao juu ya uwanda huo, mahali panapoitwa Westward Ho!, na klabu hiyo baadaye ikaitwa Royal North Devon. Hadi leo watu huicheza gofu pale pale, na ndio uwanja mkongwe kuliko yote Uingereza ambao bado uko kwenye ardhi yake ya awali.

Uwanja huo ni tambarare. Hakuna msitu wa kuukinga wala kilima cha kujifichia. Upande mmoja kuna tuta refu la kokoto zilizosukumwa na mawimbi, na nyuma ya tuta ni bahari ya Atlantiki. Upepo unaotoka huko hauna kizuizi. Mtoto anayekulia hapo hujifunza kwamba upepo ni sehemu ya uwanja, sawa na mashimo na mchanga, na kwamba siku ya kutulia ndiyo ya ajabu. Mvuvi wa Lamu au Vanga angemwelewa mtoto huyo bila mkalimani. Anayengoja upepo wa omo utulie ndipo atweke tanga atakula chumvi.

Taylor alianza kwa kubeba fimbo za wachezaji, kazi ya kedi. Vilevile akawa mtumishi wa nyumbani kwa akina Hutchinson, familia ya kitajiri ya hapo. Mmoja wa vijana wa nyumba hiyo, Horace Hutchinson, alikuwa mchezaji hodari, na baadaye alishinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1886 na 1887. Yatima yule alikuwa akimbebea fimbo na kumtazama. Mtumishi mwenye macho huona mengi ambayo bwana hakukusudia kumfundisha.

Alipokua alijaribu njia nyingine za maisha. Alitaka kuwa askari, wakamkataa kwa sababu ya macho yake na nyayo zake bapa. Fikiria hilo, msomaji. Miguu iliyoonwa haifai kwa gwaride ndiyo iliyokuja kusifiwa na waandishi wa gofu kwa jinsi ilivyokaa ardhini bila kuyumba. Akarudi uwanjani kama kibarua wa kutunza majani, akifyeka, akisawazisha, akibeba mchanga. Alipofika miaka 19 akapata kazi yake ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, katika klabu mpya ya Burnham, mkoa jirani wa Somerset. Kutoka hapo akaenda Winchester, kisha Wimbledon, na mwaka 1899 akafika Royal Mid-Surrey, karibu na London, alikokaa hadi alipostaafu mwaka 1946.

Inafaa tueleze maana ya mchezaji wa kulipwa siku hizo, maana haikuwa kama leo. Mtu huyo alitunza uwanja, akatengeneza na kurekebisha fimbo, akauza mipira, akawafundisha wanachama. Mshahara ulikuwa mdogo na riziki yake kubwa ilitoka kwenye kibanda chake cha kazi. Mlango wa mbele wa klabu haukuwa wake. Alikuwa fundi, na mafundi walipita nyuma.

Sasa tulitazame lile swali la upepo, kwa kuwa ndilo lililompa Taylor jina lake.

Mpira wa gofu ukipigwa sawasawa huondoka huku ukizunguka kinyumenyume, yaani upande wake wa juu unarudi kwa mpigaji. Mzunguko huo huusukuma mpira juu, na ndiyo sababu hukaa hewani kwa muda mrefu kuliko jiwe lililorushwa kwa kasi hiyo hiyo. Katika miaka ya 1890 mwanafizikia wa Edinburgh, Peter Guthrie Tait, alilichunguza jambo hili kwa hesabu na majaribio, akaonyesha kwamba siri ya mkwaju mrefu imo katika mzunguko huo. Alikuwa na sababu ya nyumbani pia. Mwanawe, Freddie Tait, alikuwa bingwa wa ridhaa mwaka 1896 na 1898.

Mzunguko huo huo unaokusaidia siku ya utulivu hugeuka adui siku ya upepo wa mbele. Chukua mpira unaoondoka kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa. Upepo wa mbele ukiwa na kilomita 40, mpira unakutana na hewa kwa kasi ya 280. Nguvu za hewa huongezeka kwa takriban mraba wa kasi, kwa hiyo mpira unabanwa na kuinuliwa kwa zaidi ya theluthi moja juu ya kawaida. Unapanda, unapoteza mwendo, na kwa kuwa upepo huwa mkali zaidi kadiri unavyokwenda juu, huko juu unakutana na makubwa. Anayeongeza nguvu za mikono humwongezea mpira mzunguko, na mzunguko huuinua tena. Ndiyo maana yule ndugu yetu wa Mama Ngina Drive alipata hasara mara mbili.

Taylor hakusoma hesabu za Tait akiwa mtoto. Aliyajua haya kwa mikono. Mapigo yake yalikuwa mafupi na yaliyobana. Alisimama mwili ukiwa umefunguka kidogo kuelekea lengo, mpira ukiwa nyuma zaidi kuliko wengi walivyouweka, karibu na mguu wa kulia. Nyayo zote mbili zilikaa chini. Fimbo haikwenda mbali nyuma ya kichwa, na baada ya kuupiga mpira haikuzunguka hadi mgongoni kama za wengine, ila mikono ilikoma mapema, mbele na chini. Mpira ukiwa nyuma na mikono ikitangulia, uso wa fimbo hupungua mlalo wake na mpira huondoka chini. Pigo likiwa fupi na tulivu, mzunguko hupungua. Mpira huenda kimo cha nyumba badala ya kimo cha mnazi, hutua ukiwa bado na mwendo, kisha hubingirika.

Kitu kilichopotea katika namna hiyo ni madaha, kwani pigo lake halikupendeza kulitazama. Harry Vardon, mwenzake na mpinzani wake kutoka kisiwa cha Jersey, alikuwa na pigo refu lenye uzuri ambalo watu walisafiri kwenda kuliona. La Taylor lilifanana na fundi anayegonga msumari. Lakini msumari uliingia.

Mwaka 1893 alishiriki mashindano ya Open kwa mara ya kwanza, huko Prestwick, Scotland, bila kushinda. Mwaka uliofuata Open ilitoka Scotland kwa mara ya kwanza tangu ilipoanzishwa, ikachezwa Sandwich, kusini mashariki mwa Uingereza. Taylor alikuwa na miaka 23. Alimaliza raundi nne kwa mikwaju 326, mitano mbele ya aliyemfuata, Douglas Rolland. Ubingwa huo hapo awali ulikuwa umechukuliwa na Waingereza wawili wa ridhaa, lakini hakuna Mwingereza wa kulipwa aliyekuwa ameupata. Wachezaji wa kulipwa wa Scotland walikuwa wameuona kama mali ya nyumbani. Sasa ulikwenda kwa mtoto wa Northam.

Huko Sandwich alistaajabisha kwa unyofu wa mapigo yake. Watu walitania kwamba hatari pekee iliyomkabili ni zile nguzo zilizosimikwa kuonyesha wachezaji mwelekeo, kwa kuwa angeweza kuzigonga. Walionuna wakasema ni bahati. Mwaka 1895 mashindano yakarudi Scotland, St Andrews, nyumbani kwa mchezo wenyewe. Taylor akashinda tena, kwa mikwaju 322. Maneno ya bahati yakaisha.

Mwaka 1896 alilingana na Vardon huko Muirfield, wakarudiana, na Vardon akashinda. Mwaka 1900, St Andrews tena, Taylor akalipiza. Alicheza raundi za 79, 77, 78 na 75, jumla 309, na kumwacha Vardon nyuma kwa mikwaju 8. Mwaka huo huo wawili hao walivuka bahari hadi Marekani, na katika Open ya huko, iliyochezwa Chicago Golf Club, mambo yakageuka. Vardon alipata 313, Taylor 315. Ndivyo walivyokuwa, leo wewe kesho mimi. Pamoja na James Braid wa Scotland waliunda utatu uliotawala mchezo. Kati ya mwaka 1894 na 1914 Open ilichezwa mara 21, na watu hao watatu wakaichukua mara 16.

Kilichomtenga Taylor na wenzake, hata hivyo, kilitokea nje ya uwanja, mwaka 1901. Wakati huo baadhi ya klabu ziligundua kwamba biashara ya kuuza mipira na fimbo ina faida, zikaanza kuichukua au kuikodisha kwa mwingine. Kwa fundi aliyeishi kwa kibanda chake hilo lilikuwa sawa na kuambiwa afunge virago. Kila mmoja peke yake hakuwa na la kufanya. Akilalamika, klabu ilikuwa na orodha ya wanaongoja nafasi yake.

Taylor alikuwa bingwa mara tatu. Angeweza kukaa kimya, kwani hakuna klabu ambayo ingethubutu kumfanyia hivyo. Badala yake alisimama mbele akawakusanya wenzake, na mwaka huo kikaundwa chama cha wachezaji wa kulipwa ambacho leo kinajulikana kama PGA. Yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza na Braid nahodha. Chama kiliwapa wanachama sauti moja mbele ya klabu, kikasaidia wasio na kazi na walioanguka katika dhiki, na kikaanzisha mashindano yao wenyewe. Kila mchezaji wa kulipwa wa leo anayevuna mamilioni, awe Marekani au Ulaya, anakula matunda ya miti iliyopandwa na mafundi wale waliopita mlango wa nyuma.

Miaka iliyofuata haikuwa ya ushindi mtupu. Mwaka 1902 mpira mpya wenye nyuzi za mpira ndani, uliotoka Marekani, ulimshindia Sandy Herd taji la Open, na ule wa zamani wa utomvu mgumu ukaanza kutoweka. Wachezaji wote wakalazimika kujifunza upya. Taylor alimaliza wa pili mwaka 1904, 1905, 1906 na 1907, miaka minne mfululizo. Huo wa mwisho ulikuwa Hoylake, penye upepo, na aliyemshinda ni Arnaud Massy wa Ufaransa, mtu wa kwanza asiye raia wa Uingereza kulitwaa taji. Mtu mwingine angesema zama zake zimekwisha. Taylor alirudi akashinda Deal mwaka 1909, kwa mikwaju 6, na mpira ukiwa ule mpya.

Hivyo tunafika Hoylake, mwezi Juni 1913.

Hoylake ipo kaskazini magharibi mwa Uingereza, mahali ambapo mto Dee unaingia baharini. Uwanja wa Royal Liverpool ni tambarare, umelala wazi kama ule wa Northam. Taylor alikuwa na miaka 42. Katika raundi za mchujo alicheza vibaya kiasi kwamba kwenye shimo la mwisho alibakiwa na mpira mmoja wa kuutia, wa hatua mbili hivi. Akiukosa anarudi nyumbani. Akautia.

Siku ya kwanza ya mashindano ilimkuta karibu na kilele. Alipata 73 na 75, jumla 148. Aliyemtangulia kwa mkwaju mmoja tu ni Ted Ray, bingwa wa mwaka uliopita, mtu wa miraba minne aliyeupiga mpira kwa nguvu zake zote na kuurusha mbali na juu. Siku ya pili ikaamka na dhoruba. Mvua ilikuja ubavuni, upepo ukang'oa alichoweza kung'oa, na wachezaji wa kutajika wakaanza kuzidi 80 kwa wingi.

Bernard Darwin, mwandishi wa gofu wa gazeti la The Times na mjukuu wa yule mwanasayansi Charles Darwin, aliitazama siku hiyo na kuisimulia mara nyingi baadaye. Picha aliyoiacha ni ya Taylor aliyevuta kofia hadi machoni, kidevu mbele, nyayo zimeshika ardhi, akiupiga mpira baada ya mpira chini chini ndani ya dhoruba kana kwamba upepo haumhusu. Hakutafuta umbali ambao siku ile haikuwa nao. Pale ambapo siku ya utulivu mapigo mawili yangetosha, alikubali matatu, mradi mpira ukae mbele ya macho yake. Akapata 77 asubuhi na 79 mchana. Ray, hodari yule wa mapigo ya juu, akapata 81 na 84. Mwisho wa siku Taylor alikuwa na 304, na Ray, aliyeshika nafasi ya pili, alikuwa na 312. Mikwaju 8, siku ambayo wengine walipigania kumaliza tu.

Raundi ya 79 haionekani kuwa kitu kwenye karatasi. Leo mwanachama wa kawaida huweza kuipata siku njema. Ndiyo sababu takwimu pekee hazitoshi kumwelewa Taylor. Lazima uuweke na upepo wa siku ile kwenye mizani.

Lilikuwa taji lake la tano na la mwisho. Mwaka 1914, Prestwick, aliingia raundi ya mwisho akiwa mbele ya Vardon kwa mikwaju miwili. Wote wawili walikuwa na mataji matano, na kila mmoja alilitaka la sita. Vardon akalichukua, kwa tofauti ya mitatu. Majuma machache baadaye vita vikuu vikaanza, na Open ikasimama hadi mwaka 1920. Vardon amebaki na sita, Taylor na tano. Hata hivyo mwaka 1924, Open iliporudi Hoylake, Taylor wa miaka 53 alimaliza wa tano, akiwaacha nyuma vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kubeba fimbo.

Baada ya vita nguvu zake nyingi zilikwenda kwa watu wa hali yake ya zamani. Alipigania vyama vya gofu vya wafanyakazi, watu waliocheza alfajiri na jioni kwa sababu mchana walikuwa kazini. Alisukuma pia wazo la viwanja vya umma, ambavyo mtu yeyote angeweza kulipa ada ndogo akacheza bila kuulizwa baba yake ni nani. Mwaka 1923 kiwanja cha namna hiyo kilifunguliwa Richmond Park, London, yeye akiwa mmoja wa waliokisanifu. Hakusahau kwamba yeye mwenyewe alijifunza kwenye ardhi ya kijiji, isiyo na ukuta.

Mwaka 1933 alikabidhiwa unahodha wa timu ya Uingereza katika Ryder Cup dhidi ya Marekani, huko Southport. Hakucheza, alikuwa na miaka 62. Ila aliwatoa wachezaji wake asubuhi na mapema wakafanye mazoezi ya viungo na kukimbia ufuoni, jambo ambalo wachezaji wa gofu wa siku hizo hawakulizoea. Timu yake ilishinda kwa pointi sita na nusu dhidi ya tano na nusu. Hadi leo anatajwa kuwa nahodha pekee wa mashindano hayo ambaye hakuwahi kuyacheza.

Mwaka 1943 ulitoka uwanjani mwa vitabu usimulizi wa maisha yake, alioandika mtu aliyeacha shule mdogo na kujisomesha mwenyewe. Alipostaafu alirudi Northam, katika nyumba iliyotazama uwanda ule ule na bahari ile ile. Alipokaribia miaka 80, klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, iliyo kama kadhi wa mchezo huu, ilimfanya mwanachama wa heshima. Na mwaka 1957 klabu ya Royal North Devon ikamchagua kuwa rais wake. Kedi wa zamani, mfyeka majani, mtoto aliyepita mlango wa nyuma, akaketi kwenye kiti cha juu cha klabu ambayo alikuwa akibeba fimbo za wanachama wake. Ilichukua miaka sabini na mitano hivi kutoka mlango mmoja hadi mwingine, ingawa baina yake ni hatua chache tu.

Alifariki Northam mwezi Februari 1963, akikaribia miaka 92. Ni mwaka ule ule ambao sisi huku tulipandisha bendera yetu mwezi Desemba.

Tuna la kuchukua hapa, wasomaji. Kwa mchezaji wa Nyali, Vipingo au Mombasa anayeteseka na kusi, somo ni la vitendo. Uweke mpira nyuma kidogo, ushike fimbo chini kidogo, ufupishe pigo, na upige kwa robo tatu ya nguvu. Usiukandamize mpira kutoka juu kwa hasira, kwa kuwa pigo linaloshuka kwa ukali huongeza mzunguko na utaurudisha mpira angani. Kubali kwamba siku hiyo shimo ni refu kuliko lilivyoandikwa. Nahodha wa jahazi akiona upepo umezidi hupunguza tanga, na hakuna anayemwita mwoga.

Kwa wakuu wa klabu zetu na kwa viongozi wa kaunti, somo ni jingine. Miongoni mwa vijana wanaobeba mikoba pale jabalini huenda yumo mwenye macho ya Taylor, anayemtazama bwana akipiga na kujifunza kimya kimya. Taylor alipata mambo matatu: ardhi ya wazi ya kuchezea, fimbo kuukuu za kujaribia, na baadaye chama cha kumtetea. Sisi tunaweza kujiuliza ni lipi kati ya hayo matatu ambalo kijana wa Likoni au Kisauni analo. Saa chache kwa juma ambazo makedi wanaruhusiwa kucheza, na bima ya anayegongwa na mpira akiwa kazini, si mambo ya kuvunja benki ya klabu yoyote.

Upepo hatuwezi kuuzima, nao utaendelea kuvuma kila mwaka kwa majira yake. Milango tunaweza kuifungua.